Jozi Kumi na Moja Mlangoni

Mwezi uliopita nilifunga kituo changu cha kulelea watoto. Sikufilisika wala sikufukuzwa. Magoti ndiyo yamekataa kuinama, na mtu asiyeweza kuinama hana kazi na watoto. Tangu nifunge, wamekuja kwangu akina dada watatu kwa nyakati tofauti, wote wanataka kupokea watoto wa mchana majumbani mwao, wote wananiomba orodha: niweke nini, nitoe nini, kitanda kikae wapi, jiko likae wapi. Nilianza kuwaandikia orodha hiyo, nikaichana. Orodha inamfanya mtu aweke tiki halafu alale usingizi, na mimi katika kazi hii sikuwahi kulala usingizi wa maana. Kwa hiyo nitawaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo. Mtanivumilia, nikianza huwa sinyamazi upesi.

Nilianzia Mkata. Mume wangu alikuwa fundi wa magari kando ya barabara kuu, tukapanga nyumba ya vyumba viwili na sebule, hatua chache kutoka kwa mama yake. Wanawake wengi wa pale walikuwa wanauza vitu kwenye mabasi: mahindi ya kuchoma, mihogo, mayai, maji. Basi likipunguza mwendo wanalikimbilia na beseni kichwani, na mtoto aliyejua kutembea juzi naye anamfuata mama yake. Siku moja nilikuwa dirishani nikamwona mtoto wa jirani, hajatimiza hata miaka miwili, amesimama katikati ya lami anaangalia basi linavyokuja. Mama yake alikuwa upande wa pili, ananyanyulia abiria mahindi dirishani. Dereva alifunga breki, matairi yakalia, mtoto akakaa chini kwa mshtuko. Hakuumia. Mimi jioni sikuweza hata kusonga ugali. Kesho yake nikamwambia yule mama, "Huyu niachie mimi." Baada ya wiki moja walikuwa watano.

Siku ya kwanza sikupanga kitu. Nilifagia, nikatandika mkeka, nikaona nimemaliza. Haikufika saa nne asubuhi mmoja alivuta kitambaa cha meza, glasi zote zikashuka naye. Ninaokota vipande, nageuka, naona mwingine ametoa chupa ya soda chini ya kitanda, anahangaika na kizibo kwa meno. Ndani kulikuwa na mafuta ya taa. Wakati ule kila nyumba ilikuwa inaweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, na mtoto anajua chupa ya soda ina soda. Nilimnyang'anya kwa nguvu mpaka nikamchubua mdomo. Ninyi mnatumia gesi na taa za sola, mnadhani hayo yamepita. Nendeni mkaangalie ile dawa ya kufulia mnayonunua ya kupima, mmeitia kwenye chupa ya nini.

Mama mkwe wangu, Bibi Zaituni, alinikuta nimekaa kati ya vile vioo nalia. Alikuwa Mzigua wa palepale, mfupi, mkavu, mtu ambaye pole yake ungeisubiri mwaka mzima. Akaniambia, "Piga magoti." Nikadhani anataka tuombe dua. "Piga magoti utambae," akasema. "Wewe umepanga nyumba ya watu wazima. Shuka uone nyumba ya hao."

Nikatambaa nyumba nzima na yeye ananifuata nyuma, mikono kiunoni, ananielekeza kama mtu anayeswaga mbuzi. Chini ya meza nikakuta msumari umechomoza. Kwenye fremu ya kitanda nikakuta wembe, mume wangu alikuwa akiuchomeka pale akimaliza kunyoa ndevu. Nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na sumu ya panya kwenye kipande cha muhogo, nimeiweka mwenyewe, nimeisahau. Nilikuwa nimepita pale kila siku kwa miguu sijaona hata kimoja. Tangu siku hiyo nilitambaa kila asubuhi kabla watoto hawajafika, mpaka magoti yakakomaa kama ya ngamia. Sasa mnajua kwa nini yamekataa.

Bibi Zaituni alinifundisha mengi mengine. Jiko la mkaa likae uani nyuma ya wigo, na wigo uwe na mlango unaofungwa kwa juu. Ndoo ya maji isiachwe chini hata ikiwa na maji ya kina cha kiganja. Mtoto mgeni asiwekwe karibu na mlango wiki ya kwanza, maana atamfuata mama yake. Lakini alinipa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala: watoto hawahesabiwi. Kwa watu wa umri wake, ukimnyooshea mtoto kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, ni kama unaionyesha balaa pa kuanzia. Siku moja alinisikia nikihesabu akanipiga mkono kwa mwiko, mbele ya watoto.

Nilimlalamikia mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akileta maziwa pale Mkata, naye alikuwa ameniachia binti yake. Nilitegemea atacheka pamoja nami. Akasema hata wao ng'ombe hawawahesabu, sembuse watoto. Nikamuuliza, "Sasa mnajuaje kama mmoja amepotea?"

"Unawatazama," akasema. "Unamwona yule ambaye hayupo."

Nilimwona anasema maneno ya watu wa kale. Mimi nilikuwa na akili za shule, nikatafuta njia yangu. Watoto wote wanavua viatu mlangoni. Viatu havina roho, kuvihesabu si mwiko, na jozi moja ni mtoto mmoja. Nikapigilia ubao mlangoni, viatu vinapangwa juu yake, na mimi nikipita napiga jicho: jozi tano, watoto watano. Bibi Zaituni aliutazama ule ubao siku nzima akitafuta kosa, hakuliona. Nilijisifu sana. Walipokuja wenzangu kujifunza, kitu cha kwanza nilichowaonyesha kilikuwa ubao wa viatu.

Mume wangu alipopata gereji kubwa zaidi Korogwe tukahamia Manundu, na Bibi Zaituni tukaja naye kwa sababu macho yalianza kufifia. Nyumba ya Manundu ilikuwa na sebule ndefu na ua mpana, na hapo ndipo nikaandikishwa rasmi. Watoto wakawa kumi na mmoja, nikapata na msaidizi, Amina, msichana mtaratibu anayejua kuimba. Nilipanga nyumba ile kwa miezi mitatu. Sebule nikaigawa kwa kabati: huku wanacheza, huku wanalala. Soketi zote nikazifunika kwa mbao na parafujo. Mapazia nikayakata yaishie juu ya kichwa cha mtoto mrefu kuliko wote. Chooni nikaweka ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kila kitu nilichoweza kukiogopa nilikiwekea dawa.

Kulikuwa na panya kupita kiasi. Unga ukikaa kwenye gunia siku mbili, gunia linapumua. Mume wangu akaleta kutoka gereji friza bovu, lile la kulala chini, ambalo mwenye duka alikuwa amelitupa. Walishalitoa mota na mabomba, likabaki sanduku. Mlijue jambo hili, kwa sababu mpaka leo naliona katika nyumba za watu Handeni na Korogwe: friza likifa halitupwi, linakuwa ghala. Na kweli ni ghala zuri. Nikaweka humo unga, sukari, mashuka ya watoto. Juu ya kifuniko nikapanga magodoro, maana wakati wa kulala yanashushwa na wakiamka yanarudi. Pembeni nikaweka benchi fupi ili watoto wakae wakivaa soksi. Afisa aliyekuja kukagua aligonga lile friza kwa kiganja akasema, "Mama, hapa umebuni." Mimi nikacheka kwa raha. Niliwajengea ngazi ya kuingilia kwenye sanduku, nikasifiwa, nikacheka.

Kulikuwa na tundu chini ya friza, upande wa nyuma, pale bomba lilipokuwa likipita. Upana wa kidole gumba. Niliona panya mdogo anaweza kupita, nikakata kipande cha ndala cha kuliziba. Nikaona kazi yenyewe nitaifanya Jumamosi, watoto wakiwa hawapo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, msimu wa mvua. Elia alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa akipika mgahawani kwa watu, stendi ya mabasi, anamleta wa kwanza na kumchukua wa mwisho. Mtoto mpole, mwembamba, ila mchana halali hata ufanyeje. Na mimi wakati wa kulala nilikuwa mkali, siwafichi. Wenzake wakishaamshwa na mmoja, mchana wote umeharibika. Nilikuwa nawaambia wale wasiolala, "Usipolala, nyamaza. Nisikusikie, nisikuone." Nilikuwa nasema hivyo kila siku na jicho nimelitoa, na walikuwa wananyamaza, nami nilijiona hodari wa kazi.

Saa nane walikuwa wamelala, mvua inapiga bati, mimi niko uani nageuza mkaa usizimwe na manyunyu. Saa tisa Amina akawaamsha watoto makundi makundi, akawapeleka kunawa. Mimi nikaingia, nikakunja mashuka, nikaokota magodoro moja moja na kuyapanga juu ya kifuniko cha friza, yote, na la mwisho nikalikandamiza kwa mikono miwili likae sawa. Nikatoka mlangoni nikapiga jicho kwenye ubao. Jozi kumi na moja. Moyo ukatulia.

Uji Amina alimimina vikombe kumi na kimoja kufuata ubao wa viatu, ndivyo nilivyomfundisha. Kikombe kimoja kilibaki kimejaa. Kila siku kuna mtoto anayekataa uji, hivyo hakuona ajabu, akampa mwenye njaa zaidi. Simlaumu. Utaratibu ulikuwa wangu.

Kuanzia saa kumi wazazi wakaanza kufika. Mtoto anavaa viatu vyake, anaaga, anaondoka, na ubao unapungua. Hakuna kitu nilichokipenda kama kuuona ubao ule mtupu. Ikabaki jozi moja: yeboyebo za buluu, ukanda mmoja umekatika umefungwa kwa waya. Mama Elia akaingia getini na mwavuli wake uliovunjika mbavu, akasema, "Hodi, nimechelewa. Elia yuko wapi?"

Nikaita. Nikaita tena. Nikaenda chooni, nikaenda uani, nikachungulia kwenye pipa la maji ya mvua, mkono nikauzamisha mpaka begani ndani ya yale maji nikipapasa chini. Amina akaingia chumba kwa chumba. Mama Elia alikuwa bado amesimama mlangoni, ameshika zile yeboyebo, na uso wake ulikuwa haujaamua kama aogope.

"Viatu vyake hivi hapa," nikamwambia. "Hajaenda mbali."

"Tangu saa ngapi?" akaniuliza.

 Sikujua tangu saa ngapi. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuuona uso wake, siyo viatu vyake, uso, na nikarudi nyuma kwenye uji, nikarudi kunawa, nikarudi kulala, na kila nilipofika hapakuwa na Elia, palikuwa na ubao. Mtoto akitoka peku, viatu vinabaki. Jambo rahisi namna hiyo. Miaka yote sikuwahi kuliwaza, kwa kuwa kila siku jumla ilikuwa inakubali.

"Sasa hivi tu," nikasema. "Dakika chache. Alikuwa hapa sasa hivi."

Nilisema uongo kabla sijajua kwamba nasema uongo. Nilitaka ule uso usifike ulikokuwa unakwenda. Mama Elia alitupa mwavuli akakimbilia barabarani akiita jina. Majirani wakatoka. Mmoja akataja mto, kwamba umejaa, na nilimwona Mama Elia anageuka na kukimbia kuelekea mtoni, kanga imemdondoka, na watu wanamfuata. Amina akatumwa stendi akaulize kwenye mabasi. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya ua, mvua inaninyeshea, sina mguu wa kwenda mbele wala nyuma. Nawaambia kweli, nilichokiwaza wakati ule hakikuwa mtoto peke yake. Niliwaza polisi, nikawaza kufungwa, nikawaza mume wangu atasema nini. Woga hauna adabu, unachanganya yote.

Bibi Zaituni alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, pale anapokaa kila siku tangu adhuhuri. Macho yalikuwa yamebaki kuona mwanga na kivuli tu. Akasema, "Hajatoka huyo mtoto."

"Mama, umeonaje na wewe huoni?"

"Mlango huu mtu akipita namsikia. Hajatoka. Hao mnaowapeleka mtoni mnawachosha bure." Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ingia ndani mwanangu, tafadhali. Ingia ndani upesi."

Nikaingia. Nikapiga magoti, kwa mazoea tu, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mwili wangu. Nikatambaa: chini ya meza, nyuma ya kabati, chini ya benchi. Nikafika ukutani nyuma ya friza, shavu nimelaza sakafuni. Kwenye lile tundu la bomba palikuwa na kidole cha mtoto. Kimetoka nje mpaka kwenye kiungo cha pili, kimelala juu ya saruji, na hakikuwa kinatikisika.

 Nikakishika. Kilikuwa cha moto. Kikajivuta ndani.

Sijui magodoro yale niliyatupaje. Yalikuwa kumi na moja, na mengine yalikutwa uani. Kifuniko kilikuwa kimebana, nikakiinua kwa bega. Elia alikuwa amekaa kwenye mashuka, magoti kifuani, amelowa jasho mwili mzima, unga umemganda usoni na midomo imekauka. Macho yalikuwa wazi. Hakulia. Alinitazama namna anavyonitazama kila mchana nikipita na jicho langu kali, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Nimenyamaza, Mama."

Nikamtoa nikamkumbatia, nikampeleka kwenye hewa, nikampa maji kijiko kwa kijiko. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Bibi Zaituni alimpapasa kichwa, mabega, miguu, vidole vyote, mpaka akaridhika, halafu akainuka akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Mama Elia alirudi kutoka mtoni anashikiliwa na watu wawili. Alipomwona mtoto mikononi mwangu alikaa chini kwenye tope. Nikamwambia alijificha ndani ya friza, kwamba ni michezo ya watoto, kwamba ilikuwa ni muda mfupi sana. "Dakika chache," nikasema tena, mara ya pili, na safari hii nilikuwa najua ninachokisema. Alikuwa ameingia kabla ya saa tisa. Mama yake alifika karibu saa kumi na moja. Mikono iliyompangia magodoro juu ya kichwa ilikuwa hii ninayoandikia. Mama Elia hakuuliza zaidi. Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka minne, akaenda naye kwenye mvua.

Mume wangu aliporudi alilitoa friza hadi uani, akang'oa kifuniko kwa nyundo, akalipasua lote kwa shoka na msumeno. Nilikaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nikisubiri polisi. Gari likipunguza mwendo nje, nakimbilia dirishani. Nilikuwa nimeshamwambia Amina atafute kazi nyingine. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa Mama Elia, na Elia amemshika mkono, amevaa zile yeboyebo zake. Hakusema neno juu ya Alhamisi. Akasema tu, "Mchana usimlazimishe kulala," akaondoka kwenda kazini.

Sikuamini macho yangu. Nilijiambia, mama huyu ameniamini baada ya yale yote. Mimi nani hata nikate tamaa? Ndiyo sababu nikaendelea. Miaka zaidi ya ishirini baada ya siku ile niliifanya juu ya imani ya mwanamke yule. Kila nilipotaka kufunga, namkumbuka amesimama mlangoni Jumatatu ile, naamka nasonga mbele.

Nilibadilisha kila kitu, na haya ndiyo mliyokuwa mnayataka kwenye orodha yenu, basi chukueni. Chumba cha watoto kisiwe na kitu chochote chenye mfuniko ambacho mtoto anaenea. Makabati niliyang'oa milango, nikaweka pazia jepesi. Benchi lisikae kando ya kitu kinachopandika. Magodoro yakae sakafuni, yameegemezwa ukutani, usiyaweke juu ya kitu. Ubao wa viatu nilibaki nao kwa ajili ya usafi tu. Kila nusu saa niliita majina, na kila aliyeitwa nilimtazama usoni mpaka na yeye anitazame, siyo kusikia "abee" ya mtu anayejibia mwenzake. Bibi Zaituni alinisikiliza siku ya kwanza, nikamsubiri aje na mwiko. Akasema majina si hesabu, niendelee. Na lile la "nisikusikie, nisikuone" halikutoka tena mdomoni mwangu. Niliwafundisha watoto kupiga kelele. Kila Jumatatu tulikuwa na zoezi: ukikwama, ukiumia, ukiogopa, piga kelele mpaka mtu aje. Majirani walinilalamikia sana.

Ila ule woga haukuondoka. Nilikuwa naita majina hata Jumapili, nyumba tupu. Wanangu wakubwa wakija kunitembelea na wajukuu, sikai, nazunguka, wananiambia, "Mama, pumzika." Na chini ya woga huo kulikuwa na zile dakika chache. Elia alikua, akamaliza shule, sasa ni fundi umeme Handeni na anajiheshimu. Nikikutana naye ananishika mkono kwa heshima, "Shikamoo mama," na mimi naangalia vidole vyake.

Nilipofunga kituo niliamua kwamba sistaafu na uongo ule. Mama Elia sasa ana mgahawa wake mwenyewe, karibu na stendi ileile. Nikaenda mchana, baada ya wateja kupungua. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama Rehema. Nasikia umefunga. Karibu ukae."

"Marahaba." Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno yote yakaniishia. Nikasema tu, "Mama Elia, siku ile ya friza nilikudanganya. Hazikuwa dakika chache."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Elia alinieleza jioni ileile, nikimwogesha. Alisema alikusikia unaweka magodoro. Akasikia vikombe vya uji. Akasikia wenzake wanaagwa, mmoja mmoja." Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Nikamuuliza, mbona hukuita? Akasema Mama atanigombeza."

Nilishika ukingo wa meza. Yeye aliendelea kuchambua.

"Ulijua yote hayo," nikasema, "na Jumatatu ukamleta."

"Nilimleta."

"Mimi miaka yote nilidhani uliniamini."

Hapo akauweka ungo chini, akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka.

"Mama Rehema, mimi nilikuwa naingia jikoni kwa watu alfajiri. Mama yangu nimemzika Vugiri, baba wa mtoto hata sijui aliko. Nikishamwacha mlangoni kwako, nilikuwa natembea mpaka stendi miguu haina nguvu. Nikikata vitunguu nakusikia unaweka magodoro. Kila siku, mpaka alipoanza darasa la kwanza. Sikukuamini hata siku moja. Sikuwa na pa kumpeleka."

Akainuka, akanimiminia chai. Nikainywa yote, sikujua nifanye nini kingine.